Maswali ya Wasomaji: Pikapu za Koili Moja na Gitaa la Solo

Barua nne zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili, tatu kutoka Tanga mjini na moja kutoka Bagamoyo, zinahusu jambo moja, nalo ni pikapu za koili moja kwenye gitaa la umeme, yaani vile vifaa vya sumaku na waya uliosukwa vinavyokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Nimeona nizijibu kwa pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu swali lake ndilo linalowapotezea wapigaji wengi fedha zao.

Barua ya kwanza

*Mimi ni mpiga solo katika bendi ya dansi hapa Ngamiani. Gitaa langu ni la muundo wa Stratocaster ya kampuni ya Fender, la bei ya chini, lenye pikapu tatu. Sauti yake ni nzito, kama iliyofunikwa. Tukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, solo yangu humezwa na ridhimu na kinanda hata nikipandisha volyumu. Nimeonyeshwa seti tatu za pikapu mpya. Ya kwanza imeandikwa kilo-omu 5.8, ya pili 7.2 na ya tatu 10.5, na muuzaji anasisitiza kwamba yenye namba kubwa ndiyo yenye nguvu na ndiyo bora. Nichukue ipi, na je, ni lazima nibadilishe zote tatu?*
Mpiga solo, Ngamiani, Tanga

Ndugu yangu, kwa kazi unayoieleza chukua seti ya kilo-omu 5.8, mradi vijiti vyake sita, kimoja chini ya kila uzi, viwe vyenyewe ni sumaku za alniko, madini mchanganyiko nitakayoyaeleza mbele, na ile ya 10.5 uiache kabisa. Hata hivyo usilipe kwanza. Yapo mambo mawili ya kukagua kwenye gitaa ulilo nalo ambayo huenda yakakupa nusu ya unachokitafuta bila gharama, nami nitayafikia baada ya kueleza kwa nini ile namba isikutawale.

Kilo-omu ni kipimo cha ukinzani wa waya uliosukwa ndani ya koili, na fundi redio yeyote anaweza kukusomea kwa kugusisha ncha za mita yake kwenye nyaya mbili za pikapu. Mita hiyo haisikii sauti; inachosoma ni urefu wa waya, wembamba wake na joto lake, basi. Pikapu ya kawaida ya Stratocaster husukwa kwa waya wa shaba wenye unene wa takriban milimita 0.06, kwa mizunguko inayokaribia 8,000, na mita husoma karibu kilo-omu 6. Lakini fundi akitumia waya mwembamba zaidi kwa mizunguko ileile, namba hupanda ingawa nguvu ya pikapu haijaongezeka. Mfano mzuri ni pikapu ya shingoni ya Telecaster, gitaa ambalo limekuwa na jina hilo tangu mwaka 1951: pikapu hiyo kwa desturi husukwa kwa waya mwembamba zaidi, mita husoma zaidi ya kilo-omu 7, na bado ni miongoni mwa pikapu za sauti ya upole zinazojulikana. Joto nalo lina lake. Ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya Selsiasi, kwa hiyo pikapu iliyopimwa kiwandani katika digrii 20 ikasoma 6.0, ukiipima Ngamiani adhuhuri ya Februari, digrii zikiwa 32, itakusomea karibu 6.3. Haijapata nguvu yoyote njiani.

Ni kweli kwamba mizunguko ikiongezeka sana, kama ilivyo katika seti ya tatu, pikapu hutoa umeme mwingi zaidi na amplifaya hulemewa mapema. Wapigaji wa roki nzito wanalitaka jambo hilo. Gharama yake ni kwamba koili yenye mizunguko mingi huwa na induktansi kubwa, yaani tabia ya koili kupinga mabadiliko ya haraka ya umeme, ambayo hupimwa kwa henri, na induktansi hiyo ikikutana na kapasitansi ya kebo yako, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji, unaopimwa kwa pikofaradi, hutengeneza kilele fulani cha sauti, mahali ambapo pikapu husikika kwa nguvu kuliko kwingine. Juu ya kilele hicho sauti kali huporomoka haraka. Tuchukue pikapu ya henri 2.4, ambayo ni ya kawaida kwa Stratocaster, na kebo ya mita 3 yenye pikofaradi 100 kwa kila mita, kisha tuongeze pikofaradi 150 za koili yenyewe na nyaya za ndani ya gitaa. Kilele kitakaa karibu hezi 4,800. Ukiweka kebo ya mita 10, kitashuka hadi karibu hezi 3,000. Ukiiacha kebo hiyohiyo ya mita 10 na kufunga pikapu nzito ya henri 4, kitashuka hadi karibu hezi 2,300, na hapo ndipo ule mguso wa kipiki juu ya uzi, unaomfanya msikilizaji aitambue noti moja moja, unapoanza kupotea. Kwa hiyo muulize muuzaji henri badala ya omu. Watengenezaji makini huziandika, na kama karatasi ya pikapu haina henri wala haitaji aina ya sumaku, hiyo peke yake ni sababu ya kuiangalia kwa tahadhari.

Nalisisitiza hili kwa sababu dansi letu limejengwa juu ya magitaa kusukana. Ukisikiliza rekodi za bendi za Tanga za miaka ya 1960 na 1970, kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, utasikia solo na ridhimu zikipishana kwa ukaribu mkubwa, na bado masikio yanaweza kufuata gitaa moja tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, ukiliacha jingine liendelee na shughuli zake. Mpiga solo anayefunga pikapu nzito ili asikike huingia katika eneo lilelile la sauti ambamo kinanda, ridhimu na sehemu ya juu ya besi tayari wanagombea nafasi, kisha hupandisha volyumu, na wenzake nao hupandisha za kwao. Pikapu nyepesi yenye kilele cha juu hukupa nafasi ambayo haina mtu mwingine. Huo ndio ushauri wangu kwa mpiga solo yeyote wa dansi, na sijauona bado ukumbi ulionifanya niubadili.

Sasa yale mambo mawili ya kukagua. La kwanza ni mahali unapochomeka gitaa. Bendi nyingi zetu hupeleka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa, katika tundu lililokusudiwa kinanda au maikrofoni. Tundu la namna hiyo mara nyingi lina ukinzani wa kilo-omu 10 au chini ya hapo, wakati ambapo pikapu isiyo na betri inahitaji tundu la karibu megaomu 1, yaani mara mia moja zaidi. Ukiichomeka kwenye mikisa hivyo, sauti kali hufa na nguvu hupungua kwa pamoja, na malalamiko ya mpigaji huwa ni hayahaya uliyoyaandika: nzito, imefunikwa, inamezwa. Pitisha gitaa kwenye amplifaya ya gitaa kisha uweke maikrofoni mbele ya spika, au tumia kisanduku cha DI, kile kinachounganisha gitaa na mikisa, chenye tundu la gitaa. Ikiwa unapiga hivyo tayari, angalia kebo. Kebo ndefu kuliko jukwaa lako haina kazi nyingine isipokuwa kukupunguzia sauti.

Jambo la pili ni poti za volyumu na toni, yaani vile vidhibiti vya kuzungusha. Fungua bamba la plastiki, geuza poti na usome mgongoni mwake: kwa pikapu za koili moja inayofaa ni ya kilo-omu 250, na mara nyingi utakuta imeandikwa A250K au B250K. Ukikuta 500 na ukafunga pikapu nyepesi za alniko, sauti itatoka kali hadi kuchoma masikio, nawe utadhani umenunua pikapu mbaya. Ukiwa umefungua hapo, tazama pia chini ya pikapu zako za sasa. Magitaa ya bei ya chini mara nyingi huwa na kipande bapa cha sumaku ya seramiki kilichogandishwa kwa gundi chini ya koili, na vijiti sita unavyoviona juu huwa ni chuma cha kawaida kinachopitisha nguvu ya ile sumaku. Vijiti vya chuma huongeza induktansi kuliko vijiti vya alniko, hata mizunguko ikiwa sawa. Sisemi kwamba kila pikapu ya seramiki ni mbaya, ila katika gitaa la muundo huu hicho ndicho chanzo cha kwanza cha uzito ninachokitafuta.

Kuhusu alniko yenyewe, ambayo ni mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma, utakutana na aina zenye namba. Alniko 5 ni yenye nguvu na hutoa mguso wa haraka wenye ukali. Alniko 2 ni dhaifu zaidi, sauti yake ni laini na noti huchipuka taratibu kidogo. Kwa solo la dansi chagua 5.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji ni urefu wa vijiti. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954, wapigaji walikuwa wakitumia nyuzi nene, na uzi wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya kama nyuzi za besi. Uzi wa namna hiyo husikika kwa udhaifu, kwa hiyo kijiti chake kiliinuliwa juu kuliko vingine. Leo wewe na mimi tunatumia uzi wa tatu ulio mtupu, ambao husikika kwa nguvu sana, na ukifunga pikapu iliyonakili vijiti vya zamani utaona kila mara kidole kinapoangukia uzi huo noti inaruka mbele ya wenzake. Mpiga solo anayepiga noti mbili mbili kwa pamoja atalisikia hilo siku ya kwanza. Tafuta seti yenye vijiti vilivyo sawa kwa juu, au iliyopangwa kwa ajili ya nyuzi za kisasa. Kisha nakuomba sana usijaribu kusukuma kijiti cha alniko kwa bisibisi ili kukishusha. Katika pikapu nyingi za muundo wa zamani waya umesukwa ukigusana na vijiti vyenyewe, na waya wa milimita 0.06 hauhimili msuguano. Utasikia kijiti kimesogea kidogo tu, na mita itakuonyesha koili iliyokatika.

Baada ya kufunga, weka kimo sawasawa. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho na upime nafasi kati ya uzi na kijiti, kisha ufanye hivyo kwa uzi wa kwanza. Anza na milimita 2 upande wa besi na milimita 1.6 upande wa nyuzi nyembamba. Sumaku za alniko 5 zikikaribia nyuzi nene kupita kiasi huzivuta, na noti za juu kwenye uzi wa sita hutoka na mtetemo wa ajabu, kama vile noti mbili zisizoelewana zinapigwa pamoja. Wapo walioshindwa kutyuni gitaa lao, wakabadilisha nyuzi, wakalaumu daraja linalobeba nyuzi, na kumbe pikapu ya shingoni ilihitaji kuteremshwa kwa mizunguko miwili ya skrubu. Mimi huishusha ya shingoni hadi kupita milimita 2.4 bila kusita, kwa kuwa pale uzi unatikisika kwa upana na sauti haipungui kwa kiasi cha kulalamikiwa.

Kuhusu kubadilisha zote tatu: si lazima. Uzi hutikisika kidogo karibu na daraja, na ndiyo maana katika seti iliyopangwa vizuri pikapu ya darajani husukwa kwa mizunguko mingi kidogo kuliko nyingine. Fedha zikiwa pungufu, nunua ya darajani na ya katikati kutoka seti moja, uiache ya shingoni kwa wakati mwingine. Hizo mbili zikiungana, swichi ikiwa katika nafasi ya pili kutoka darajani, hutoa sauti ile nyembamba inayong'aa ambayo hukaa vizuri juu ya ridhimu, na nadhani ndiyo utakayoitumia kwenye chemko. Wapigaji wa mwanzo waliipata kwa kuisimamisha swichi katikati ya nafasi zake tatu, na kiwanda cha Fender kilikuja kuweka swichi ya nafasi tano mwaka 1977.

Barua ya pili

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa muziki hapa Bagamoyo. Gitaa langu lina pikapu tatu za koili moja na sauti yake naipenda, lakini lina mvumo mkubwa, hasa tunapofanya mazoezi katika chumba chenye taa za mirija na kompyuta kadhaa. Mwenzangu mmoja ananishauri ning'oe pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya, na mwingine anasema ninunue pikapu zisizovuma. Nifuate ushauri gani?*
Mwanafunzi, Bagamoyo

Marahaba, mwanangu. Ule ushauri wa kwanza usiufuate leo wala siku nyingine yoyote. Pini ya ethi ndiyo inayokulinda iwapo hitilafu ndani ya amplifaya itapeleka umeme wa volti 230 kwenye chuma chake. Nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na chuma hicho kupitia daraja na kebo. Ukiing'oa pini, siku hitilafu hiyo ikitokea, mkono wako uko kwenye nyuzi na midomo yako inagusa maikrofoni iliyounganishwa na mikisa yenye ethi, umeme utapita mwilini mwako. Wapigaji wamekufa kwa namna hiyo. Kama soketi ya chumba cha mazoezi haina ethi inayofanya kazi, mwambie mwenye jengo amwite fundi umeme aliyesajiliwa, na lisemwe hivyo kwa msisitizo.

Sasa mvumo wenyewe. Koili moja ni antena. Umeme wa TANESCO hubadili mwelekeo kwa hezi 50, na kila transfoma iliyo karibu, hata ile iliyomo ndani ya amplifaya yako, hutawanya uga wa sumaku wa masafa hayo, ambao koili huupokea sawasawa na inavyopokea mtikisiko wa uzi. Huo ndio mvumo mzito wa chini. Taa za mirija, vidhibiti vya mwanga na chaja za simu huongeza mlio mwingine, wenye makali na mikwaruzo, ambao mara nyingi huingia kwa njia ya uga wa umeme. Ni muhimu uvitofautishe viwili hivi, kwa sababu dawa zake si moja. Kuzungushia matundu ya ndani ya gitaa karatasi ya shaba iliyounganishwa na ethi huzuia ule mlio wa mikwaruzo kwa kiasi kikubwa, lakini mvumo wa hezi 50 haujali karatasi ya shaba na utaendelea kama kawaida. Kwa mvumo huo, sogea mbali na amplifaya na ugeuke taratibu ukiwa na gitaa mkononi. Utapata upande ambao mvumo karibu unazimika, na hapo ndipo mahali pako pa kusimama katika chumba hicho.

Ukishika nyuzi mlio ukapungua, hiyo ni dalili njema kwamba waya wa ethi unaokwenda darajani bado umeshika. Ukishika nyuzi mlio ukaongezeka au pasiwe na tofauti yoyote, mfungulie fundi akague waya huo kwanza. Hapa pwani, chumvi iliyomo hewani hula lehemu dhaifu na kutia kutu chini ya daraja mahali waya unapobanwa.

Pikapu zisizovuma zipo za aina kadhaa, na iliyoenea ni ile yenye koili mbili zilizopandana, ya juu ikisikia nyuzi na ya chini ikisikia zaidi mvumo, kisha zikaunganishwa kinyume ili mvumo ujifute. Kanuni hiyo ya koili mbili kufutiana mvumo ndiyo iliyomo katika hambaka, pikapu ya koili mbili ya mhandisi Seth Lover, ambayo kampuni ya magitaa ya Gibson iliombea hataza mwaka 1955. Zinafanya kazi. Ila nyingi hupoteza kiasi fulani cha uwazi wa juu, na umeniambia kwamba sauti ya sasa unaipenda. Ningekushauri kwanza uangalie kama pikapu yako ya katikati imesukwa kinyume na ina sumaku zilizogeuzwa kinyume na nyingine mbili. Ikiwa ndivyo, nafasi ya pili na ya nne za swichi tayari hazivumi, nawe unaweza kufanya mazoezi katika nafasi hizo bila kununua chochote. Weka swichi katika nafasi ya pili, sikiliza, irudishe kwenye daraja peke yake, sikiliza tena. Kama mvumo unazimika na kurudi, jibu umelipata.

Barua ya tatu

*Napiga gitaa katika kikundi cha taarab hapa Chumbageni. Sauti ya Stratocaster naiona nyembamba mno mbele ya fidla na akodiani, na hambaka naiona imejaa kupita kiasi. Je, kuna pikapu ya koili moja iliyo katikati ya hizo mbili?*
Mpiga gitaa wa taarab, Chumbageni, Tanga

Ipo, na nafurahi umeuliza, maana vikundi vya Tanga, Black Star na Lucky Star, ndivyo vilivyolipa gitaa la umeme nafasi yake katika taarab ya mji huu, na sauti ya gitaa hilo inastahili kufikiriwa kwa uzito.

Unachokitafuta ni P-90, ambayo Gibson ilianza kuitumia mwaka 1946. Ni koili moja pana na fupi, yenye mizunguko inayokaribia 10,000, na chini yake kuna sumaku mbili bapa zinazotazamana. Kwa upana wake husikia sehemu ndefu zaidi ya uzi, ndiyo maana noti hutoka nene na ya mviringo, huku mwanzo wa noti ukibaki na ukali ambao hambaka huulainisha. Vijiti vyake huwa ni skrubu, kwa hiyo unaweza kuinua au kushusha kila kimoja mpaka nyuzi zilingane, jambo ambalo kwa mpigaji anayejibizana na fidla noti kwa noti lina thamani kubwa. Inavuma kuliko pikapu ya Stratocaster, kwa kuwa koili yake ni kubwa zaidi. Hilo ulijue kabla.

Pima gitaa lako kabla ya kuagiza. P-90 haiingii katika tundu la pikapu ya Stratocaster bila kuchonga mbao, na sikushauri uchonge gitaa zuri kwa ajili ya jaribio. Kama gitaa lako lina tundu la hambaka, zinatengenezwa P-90 zenye kasha la ukubwa huo, nazo huingia bila kuchonga. Funga moja tu, shingoni, na upige nayo katika maonyesho kadhaa kabla ya kuamua kuhusu ya darajani. Usiisogeze karibu na nyuzi. P-90 ikiwa chini kidogo hupumua vizuri, na volyumu uipate kwenye amplifaya.

Barua ya nne

*Mimi ni fundi redio hapa Makorora. Mteja aliniletea gitaa la pikapu tatu ambalo ya katikati ilikuwa imekufa. Nimefunga nyingine ya kampuni tofauti. Kila pikapu ikiwa peke yake inasikika vizuri, lakini ya katikati ikiunganishwa na ya darajani sauti inakuwa nyembamba, ya puani, na nguvu inapungua sana. Nimerudia lehemu zote. Kosa liko wapi?*
Fundi, Makorora, Tanga

Fundi mwenzangu, lehemu zako ni salama. Pikapu hizo mbili zinavutana: uzi unapotikisika, moja inasukuma mkondo mbele wakati nyingine inaurudisha nyuma, na sehemu kubwa ya sauti hufutika palepale zinapoungana kwenye swichi.

Thibitisha hivi. Weka mita kwenye kipimo cha kilo-omu 20, iunganishe na pikapu moja, kisha gusisha bisibisi ya chuma juu ya vijiti na uivute ghafla. Namba itaruka juu au chini kwa kitambo kidogo kabla ya kurudi mahali pake. Fanya vivyo hivyo kwa nyingine, ukihakikisha waya mwekundu wa mita uko kwenye waya moto wa kila pikapu na mweusi kwenye ethi. Kama moja inaruka juu na nyingine chini, ndiyo hayo. Dawa ni kubadilishana nyaya mbili za ile pikapu mpya: uliokuwa ukienda kwenye swichi uende ethi, na wa ethi uende kwenye swichi.

Baadaye chukua dira ndogo na uisogeze juu ya vijiti vya kila pikapu. Ikiwa ncha ileile ya sindano inavutwa na zote mbili, sumaku zao zinaelekea upande mmoja, na mwambie mteja kwamba sauti imerudi lakini mvumo hautafutika katika nafasi ya pili. Ikiwa zinavuta ncha tofauti, atapata vyote viwili. Na kabla hujageuza nyaya, tazama chini ya pikapu: ikiwa ina kasha la chuma, au bamba la chuma kama lile la darajani kwenye Telecaster, ambalo limeungwa na mmoja wa nyaya zake, tenganisha muungano huo kwanza na ulipe kasha au bamba hilo waya wake wenyewe wa kwenda ethi. Usipofanya hivyo, chuma chote kitageuka kuwa sehemu ya waya moto, na gitaa litalia kila mkono wa mteja utakapoligusa. Tumia chuma cha kulehemu cha wati 40 hivi na usikae zaidi ya sekunde chache kwenye kijicho cha pikapu, kwa sababu waya wa koili umeishia papo hapo.